Gitaa la Harmony na Suala la Kufufua Jina

Kitenzi cha kufufua hudai mtendwa aliyekufa. Twaweza kusema kwamba mtu amefufua shamba, kwamba serikali imefufua kiwanda, au kwamba wazee wa mtaa wamefufua ngoma ya kale. Na kila mara msikilizaji ana haki ya kuuliza ni kitu gani hasa kilichokuwa kimekufa, na ni kipi kilichorudishiwa uhai. Swali hilo ndilo linalotukabili tuitazamapo historia ya magitaa ya Harmony ya mjini Chicago, Marekani, ambayo kiwanda chake kilifungwa mwaka 1975 na jina lake likapandishwa tena jukwaani mwaka 2018. Wapenzi wa magitaa ya umeme ya zamani walilipokea tangazo hilo kwa shangwe. Kabla hatujashangilia nao, yafaa tuifuate habari hii toka mwanzo wake.

Mwanzilishi, Wilhelm Schultz, alikuwa mhamiaji wa Kijerumani kutoka Hamburg. Mwaka 1892 alifungua karakana ndogo mjini Chicago na kuipa jina lenye maana ya upatanifu wa sauti. Karakana ilikua, nayo mwaka 1916 ikanunuliwa na Sears, Roebuck, kampuni kubwa iliyouza bidhaa za kila namna kwa njia ya posta. Wakati huo Wamarekani walikuwa wameshikwa na wazimu wa ukulele, yaani gitaa dogo la nyuzi nne la visiwa vya Hawaii, hasa baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915. Sears ilitaka kuwa na kiwanda chake yenyewe badala ya kungoja wengine, na Harmony ikawa kiwanda hicho.

Hapo yatupasa kutua kidogo, kwa sababu katalogi ya Sears haikuwa kitabu cha bei tu. Mkulima aliyeishi mbali na mji aliweza kuchagua gitaa katika picha, akapeleka fedha zake kwa posta na kuletewa mzigo wake. Kwa Mmarekani mweusi wa majimbo ya Kusini jambo hili lilikuwa na uzito zaidi. Katika duka la kijijini alilazimika kungoja mpaka weupe wote wahudumiwe, na pengine kukataliwa kabisa. Lakini katalogi haikujua rangi ya ngozi ya mwenye kuandika barua. Hapana shaka kwamba muziki wa blues wa Kusini ulipata magitaa yake mengi kwa njia hiyo ya barua na kifurushi.

Mwaka 1940 Jay Kraus, aliyekuwa mkuu wa Harmony tangu miaka ya 1920, aliinunua kampuni kutoka kwa Sears pamoja na wenzake, ingawa Sears iliendelea kuwa mnunuzi wake mkubwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo Harmony ilikuwa imejipatia pia chapa ya Stella. Gitaa la Stella ndilo lililokuwa gitaa la kwanza la watu wasiohesabika. Lilitengenezwa kwa mbao za birch, miti ya kawaida ya nchi za baridi, kisha likapakwa rangi kwa mistari ya kuiga mbao za thamani. Huo ulikuwa uongo mdogo, na kila mtu aliujua. Juu ya kichwa cha magitaa mengi ya Harmony yaliandikwa maneno ya kumhakikishia mnunuzi kwamba shingo imetiwa chuma ndani yake, kama kwamba muuzaji alijua fika kuwa mwenye gitaa hili hatakuwa na fedha za kununua la pili likipinda.

Gitaa la umeme nalo halikuachwa. Mwaka 1953 Harmony ilitoa Stratotone, gitaa dogo lenye mwili mnene usio na uwazi ndani, ambalo shingo yake ilipita moja kwa moja hadi mwisho wa mwili badala ya kuunganishwa kando. Baadaye zikaja Jupiter, Meteor, Rocket na Silhouette. Vinasa sauti vyake, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya ambazo huugeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme, vilitoka katika karakana za DeArmond huko Toledo, Ohio. Si Harmony wala DeArmond waliokuwa wakitafuta makuu. Kilichotakiwa ni kinasa sauti kinachofanya kazi kwa gharama ndogo. Lakini vilitoa sauti ya mkwaruzo mtamu ambayo wanamuziki wa siku za baadaye waliitafuta kwa bidii kubwa. Keith Richards wa Rolling Stones alipiga Meteor katika siku za mwanzo za kundi hilo, naye Jimmy Page wa Led Zeppelin alikuwa na Harmony aina ya Sovereign, gitaa lisilo la umeme.

Majina hayo mawili hutajwa kila mara, nami nimeyataja kwa sababu msomaji angenidai. Hata hivyo hayaielezi Harmony. Kinachoieleza ni wingi: hesabu inayotajwa kwa kawaida ni magitaa karibu milioni 10 kati ya mwaka 1945 na 1975. Wengi wa walioyanunua hawakurekodi wimbo hata mmoja. Walijifunza vidato vitatu au vinne, wakaimba barazani pao, wakampa mdogo wao gitaa lile lilipowachosha. Sisi tunaosoma habari hizi katika nchi zilizopakana na Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana maana ya ala iliyo ndani ya uwezo wa mtu wa mshahara mdogo. Hugh Tracey alipomrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Katanga, mwaka 1952, akiimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu, alikutana na muziki uliokuwa umekulia katika miji ya migodi, mikononi mwa watu wa mshahara. Mahali ambapo gitaa ni la matajiri peke yao, muziki wa namna hiyo hauzaliwi.

Anguko la Harmony lilianza wakati ilipoonekana kuwa imara kuliko wakati wowote. Beatles walipofika Marekani mwaka 1964, kila kijana alitaka gitaa, na viwanda vya Chicago havikuweza kuwatosheleza. Pengo hilo likazibwa na magitaa ya Japani, ambayo mwanzoni yalikuwa dhaifu, kisha yakawa bora mwaka hadi mwaka, na bei yake ikabaki chini. Jirani na mshindani wa Harmony, kampuni ya Kay, ilianguka mwaka 1968. Mwaka huo huo Jay Kraus alifariki dunia. Kiwanda kiliendelea kujikokota miaka michache tu. Mwaka 1975 kikafungwa, na vilivyokuwamo vikauzwa kwa mnada.

Jina, lakini, halikufungwa pamoja na milango. Jina ni mali inayoweza kuuzwa peke yake, bila mashine wala mafundi, nalo likauzwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo lilibandikwa kwenye magitaa ya bei ya chini yaliyotengenezwa Asia, na wakusanyaji wa ala za zamani wakayadharau magitaa hayo kwa kauli moja. Walisema kwamba Harmony imekufa. Nitarudi kwenye hukumu hiyo hapo mbele, maana naona ilitolewa kwa haraka.

Sasa hatuna budi kuondoka Chicago na kwenda Kalamazoo, mji mdogo wa jimbo la Michigan ulioko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, kwa kuwa ndiko jina la Harmony lilikokuja kutua. Katika barabara ya Parsons ya mji huo limesimama jengo la matofali lililojengwa mwaka 1917 kuwa kiwanda cha Gibson, kampuni iliyotengeneza magitaa ya daraja la juu kuliko yale ya Harmony. Bomba lake refu la moshi lilionekana toka mbali. Mwaka 1984 Gibson ilikifunga kiwanda hicho na kuhamishia kazi yote Nashville, Tennessee. Baadhi ya wafanyakazi wa siku nyingi walikataa kuhama. Mwaka 1985 Jim Deurloo, Marvin Lamb, J.P. Moats na wenzao wachache walianzisha kampuni waliyoiita Heritage, yaani urithi, humo humo ndani ya jengo la zamani, wakitumia baadhi ya mashine zilizoachwa nyuma. Watu walikuwa ni wale wale, sakafu ni ile ile, na ujuzi ni ule ule. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuandika neno Gibson juu ya kichwa cha gitaa. Kwa sababu ya upungufu huo mmoja walibaki kampuni ndogo.

Mwaka 2016 kampuni ya Singapore iitwayo BandLab Technologies iliingia katika umiliki wa Heritage. Januari 2018, katika maonyesho ya biashara ya ala za muziki huko Anaheim, California, kampuni hiyo hiyo ikatangaza kurudi kwa Harmony: magitaa mapya ya umeme yaliyoitwa Rebel, Jupiter na Silhouette, yatakayotengenezwa Kalamazoo, katika jengo la barabara ya Parsons. Majina hayo yote matatu yalitoka katika orodha ya zamani. Vinasa sauti navyo viliundwa kwa kufuata mfano wa vile vya DeArmond, na safari hii vilichaguliwa kwa ajili ya sauti yake, wala si kwa ajili ya urahisi wake.

Mtu akilitazama jambo hili kwa utulivu ataona ajabu yake. Katika jengo moja walikutana mafundi waliokuwa wamepoteza jina na jina lililokuwa limepoteza mafundi. Na jina lenyewe halikuwa lao, bali la washindani wao wa zamani wa Chicago, ambao bila shaka Gibson iliwatazama kwa jicho la juu. Walioyapiga magitaa hayo mapya waliyasifu kwamba yametengenezwa vizuri, na sina sababu ya kuwapinga. Kwa ufundi, yaelekea yaliyapita mengi ya yale ya mwaka 1960.

Taabu ni bei. Gitaa jipya la Harmony lilitolewa kwa zaidi ya dola 1,000. Silaumu kampuni kwa hilo: fundi wa Michigan hulipwa mshahara wa Michigan, na mbao nzuri zina bei yake. Lakini kijana aliyekuwa akiandikia Sears barua hangeweza hata kuigusa ala hiyo. Mnunuzi wake ni mtu mzima mwenye kipato, anayelikumbuka Stratotone la mjomba wake, au aliyemwona Dan Auerbach wa Black Keys akilipiga. Kwa hiyo umbo limerudi, sauti imerudi, hata kazi ya mikono nchini Marekani imerudi, na aliyeachwa nje ya mlango ni yule ambaye kiwanda kilijengwa kwa ajili yake.

Ndiyo maana nasema hukumu ya wakusanyaji ilitolewa kwa haraka. Yale magitaa ya Asia waliyoyadharau baada ya mwaka 1975 hayakuwa na uzuri wa ya kale, lakini mwanafunzi maskini aliweza kuyanunua. Hata leo mtoto anayeanza kujifunza hupata gitaa lake la kwanza kutoka viwanda vya China au Indonesia, mara nyingi likiwa na jina ambalo hakuna atakayelikumbuka. Iwapo tutauliza ni nani anayeifanya sasa kazi iliyofanywa na Harmony, sioni jibu jingine ila hao.

Nayo magitaa yenyewe ya zamani, milioni kwa milioni, hayakusubiri kufufuliwa na mtu. Mengi yangali yanapigwa, baada ya shingo kunyooshwa na vigingi vya kukazia nyuzi kubadilishwa. Mwenye nalo, kama ni lile lenye uwazi ndani, akimulika taa ndogo katika tundu lake, aghalabu ataona ndani ya tumbo muhuri wa wino uliopigwa kiwandani Chicago: herufi F au S, na tarakimu mbili za mwaka. Aliyeupiga hakuandika jina lake.