Mbio za Ridhaa Mjini Kampala

Neno "ridhaa" tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ni kukubali kwa moyo, pasipo kulazimishwa. Watangazaji na waandishi wa michezo wa Afrika Mashariki walilitwaa wakamwita mtu achezaye bila malipo "mchezaji wa ridhaa". Nadhani walichagua vema kuliko walivyokusudia. Historia ya mbio ndefu mjini Kampala ni safari ya kutoka kwenye amri kwenda kwenye ridhaa, na sisi tufundishao Kiswahili katika mji huo tunayo sababu yetu wenyewe ya kuichungua.

Marathoni ya kwanza ya Olimpiki, iliyokimbiwa Athens mwaka 1896, ilishindwa na Spyridon Louis, mchukuzi wa maji. Urefu wa kilomita 42.195 ulitokea London mwaka 1908, ukathibitishwa mwaka 1921. Nchini Uganda, hata hivyo, mkimbiaji hakulelewa na kisima wala soko, bali kambi. Polisi, magereza na jeshi ndiko kulikopatikana mshahara, chakula, uwanja na muda wa mazoezi. John Akii-Bua alikuwa polisi aliposhinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi mjini Munich, Septemba 1972, kwa sekunde 47.82. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia, na ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki. Kwa kanuni za siku zile yeye naye alihesabiwa kuwa mchezaji wa ridhaa, maana hakulipwa kwa kukimbia. Lakini askari hulipwa kwa kutii.

Kambi hizo hizo ndizo zilizokuwa nyumba ya Kiswahili nchini Uganda. Tangu enzi za ukoloni kilikuwa lugha ya gwaride, na askari aliyetoka Lango, Bugisu au Nile Magharibi alijifunza pamoja namna ya kushika bunduki na namna ya kuitika kwa Kiswahili. Mwezi wa Agosti 1973, Idi Amin alitangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Lilikuwa tangazo la mtawala wa kijeshi, na raia wengi wa Kampala walikuwa wamekwisha kukisikia Kiswahili mahali pabaya zaidi, yaani kwenye vizuizi vya barabarani. Walimu wenzangu wanaoshangaa kwa nini baadhi ya wazee wa Buganda hukunja uso wasikiapo "simama!" wasitafute sababu mbali.

Katika miaka hiyo hiyo, kwingineko duniani, marathoni ilikuwa inatoka viwanjani na kuingia mitaani. Mbio za kwanza za New York, mwaka 1970, zilikuwa na watu 127 tu wakizunguka ndani ya bustani, nao waliomaliza walikuwa 55. Mwaka 1976 zikapitishwa katika sehemu zote tano za mji. London ikafuata mwaka 1981. Makarani, waashi na mama wa nyumbani wakaanza kukimbia kwa hiari yao. Kampala haikuweza kufuata. Kuanzia mapinduzi ya Januari 1971 hadi majeshi ya NRA yalipouteka mji Januari 1986, raia aonekanaye akikimbia barabarani alfajiri angeulizwa anamkimbia nani.

Kwa hiyo ilipofika 2004, mwaka ambao kampuni ya simu ya MTN ilianzisha marathoni ya Kampala, jambo lililokuwa jipya halikuwa mbio zenyewe. Upya ulikuwa kwa wakimbiaji. Mahali pa kuanzia pamekuwa Kololo, uwanja ule ule ambapo bendera ya Uganda ilipandishwa Oktoba 1962. Maelfu ya watu hujaa hapo kabla ya jua kupanda, wamevaa fulana za manjano: wauguzi, mawakili, wachuuzi, wanafunzi. Wengi huchagua masafa mafupi. Wachache hujitosa katika kilomita 42.

Na Kampala si mji wa kumhurumia mgeni wa mbio. Umejengwa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Kila mteremko unaokufurahisha unakukopesha mlima utakaoulipa. Anayeanza kwa pupa hushuka akijiona shujaa, na misuli ya mapaja huumizwa zaidi na kushuka kuliko kupanda. Baadaye, yapata kilomita ya 30, akiba ya sukari iliyomo misulini huanza kwisha na miguu hugeuka magogo. Askari aliyefunzwa huujua wakati huo na kuukadiria. Karani wa benki huukuta peke yake, wala hakuna sajini wa kumkemea asonge mbele. Hapo ndipo ridhaa hupimwa.

Tarehe 12 Agosti 2012, Stephen Kiprotich wa Kapchorwa, askari magereza, alishinda marathoni ya Olimpiki mjini London kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, dhahabu ya kwanza ya Uganda tangu Akii-Bua. Aliporudi alipandishwa cheo. Wapo wasemao kwamba yeye ndiye aliyewatoa watu wa Kampala barabarani. Sikubaliani nao, kwa kuwa umati wa Kololo ulimtangulia kwa miaka minane. Mimi naona chanzo kingine, nacho ni bulungi bwansi, desturi ya Baganda ya kuitwa kwa ngoma kwenda kulima barabara na kusafisha visima kwa manufaa ya nchi. Marathoni ya Kampala imechangisha fedha za maji safi na afya ya wazazi, na mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka huchangia afya vilevile. Kweli, ngoma ya zamani haikuwa ya hiari tupu, aliyekaidi alitozwa.

Kiswahili nacho kilirudi kwa njia ya sheria. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Amri tena! Walakini katika darasa langu la jioni wamo watu wazima wanaojilipia karo, madereva wa malori na wauza nguo, ambao agizo hilo haliwahusu. Wamekuja kwa sababu wanafanya biashara na Nairobi na Juba, na mmoja wao huja na raba mkononi, kwa kuwa baada ya somo huenda kufanya mazoezi ya mbio za Novemba.