Nyuma ya Korona

Huku kwetu Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, habari za mkonge huanzia Kikokwe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa hapo. Hayo kila mtoto wa shule ameyasikia. Mimi ni mjukuu wa manamba, kibarua wa mkataba wa shamba la mkonge, na habari yangu inaanzia mferejini, nyuma ya korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge.

Jani la mkonge likishapita korona, singa haizidi sehemu tano katika mia. Kinachobaki ni makapi na maji ya kijani yanayochacha na kunuka hadi kambini. Babu alikuwa mlishaji wa korona. Usiku mikono ilimwasha, akijipaka mafuta ya nazi na kuyalaani maji yale: "Sumu tupu, mjukuu wangu."

Sumu hiyo London waliitaka. Mwaka 1949 madaktari wa Kliniki ya Mayo, Marekani, walionyesha kwamba kotizoni huwainua kitandani wagonjwa wa baridi yabisi. Lakini ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya thelathini, na kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kupachika oksijeni kwenye nafasi ya 11 ya molekuli. Mwaka 1951 Callow, Cornforth na Spensley wakatangaza kuwa mkonge wa Afrika Mashariki una hekojenini, molekuli inayoweza kugeuzwa kuwa kotizoni. Oksijeni yake iko nafasi ya 12, mlango wa jirani.

Namna ya kuipata mgema yeyote wa hapa angeielewa. Maji ya korona yaliachwa tangini siku kadhaa yachache kama tembo. Vijidudu vikala sukari, tope likatuama chini likiwa na hekojenini. Tope likapikwa kwa mvuke wenye shinikizo, likachujwa, likakaushwa, likapakiwa melini kwenda Uingereza. Ule uvundo tulioukimbia ulikuwa ni kazi inafanyika!

Mwaka 1952, huko Kalamazoo, Peterson na Murray wa kampuni ya Upjohn waliukabidhi kazi ukungu wa jamii ya Rhizopus, ndugu wa ule unaoota kwenye mkate uliolala. Ukaipachika oksijeni kwenye nafasi ya 11 kwa hatua moja tu. Malighafi yao ilitoka kwenye viazi vikuu vya mwituni vya Mexico. Ungedhani mkonge umeshindwa. La. Kule Uingereza kampuni ya Glaxo waliendelea na hekojenini, na kutokana nayo wakatengeneza betamethasoni.

Betamethasoni ndiyo dawa iliyomo kwenye ile krimu ya kutuliza ngozi inayowasha. Uzeeni babu alinunua tyubu yake Pangani mjini, akavuka nayo kwa pantoni, akapaka mikono ileile.

Kipande chake, kadi yake ya kazi ya manamba, ninacho hadi leo: visanduku thelathini, kimoja kwa kila siku ya kazi.