Dawa ya kiungulia iliyovuruga moyo

Mwaka 1993 Marekani iliidhinisha Propulsid, dawa ya kutuliza kiungulia cha usiku. Ilichochea misuli ya umio na tumbo ili asidi isipande kooni. Lakini iliweza pia kuvuruga mapigo ya moyo, hasa ilipomezwa pamoja na antibiotiki ya erithromaisini au baadhi ya dawa za fangasi, ambazo hulizuia ini kuivunjavunja. Maonyo yaliongezwa mara kadhaa. Madaktari wakaendelea kuwaandikia wagonjwa. Hadi mwisho wa 1999 mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilikuwa imepokea taarifa 341 za hitilafu za mapigo, zikiwemo za vifo 80. Kwa kiungulia, hesabu hiyo ilikuwa nzito mno. Julai 2000 kampuni ya Janssen iliiondoa madukani nchini humo.