Kasha Lililofungwa na Maandishi Yanayolisemea

Tarehe 26 Aprili 1956, meli Ideal X iliondoka Newark kuelekea Houston, Marekani, ikiwa na makasha 58 ya mizigo. Faida ya mfumo huo wa Malcom McLean ilikuwa kwamba kasha halikulazimika kufunguliwa njiani. Hata hivyo, kisichofunguliwa hutegemea hati, na hati ikipotosha, kosa huvuka bandari zote bila kuonekana.

Wahandisi wa kompyuta waliazima jina la kontena pamoja na tatizo lake. Mwaka 2013 Solomon Hykes aliitambulisha Docker, nayo ikaeneza desturi ya kufungasha programu pamoja na vyote inavyovihitaji. Mtumiaji halazimiki kuchungulia ndani. Husoma maelezo na kuanza kazi.

Tutazame kontena rasmi la hifadhidata ya PostgreSQL katika hazina ya Docker. Hadi mapema mwaka 2020, lilikubali kuanza kazi bila nywila. Aliyeweza kulifikia kupitia mtandao aliweza kuingia. Onyo lilikuwapo, na lilikuwa la kweli, ila lilijitokeza katikati ya mistari mingi ambayo ni wachache huisoma. Urahisi huo ulimfaa mwanafunzi anayejaribu kazi yake kwenye kompyuta yake. Hatari ni kwamba kontena hilohilo, kwa amri zilezile, liliweza kuhamishiwa kwenye huduma inayobeba taarifa za watu.

Mwaka huo wasimamizi walibadilisha utaratibu: pasipo nywila, kontena likagoma kuanza, isipokuwa mtumiaji atamke wazi kwamba anaruhusu kuingia bila nywila. Maelezo nayo yakarekebishwa. Majaribio mengi ya kiotomatiki yalikwama, na malalamiko hayakukosekana. Naamini gharama hiyo ilistahili kulipwa, kwa sababu kile kilichokuwa ushauri kwenye karatasi sasa kilitendwa na programu yenyewe.

Hapa ndipo penye hoja kwa watumishi wa umma. Anayepokea mfumo kutoka kwa mzabuni aulize kwa maandishi: kontena hili lilikusudiwa kazi gani? Halikukusudiwa kazi gani? Nani ana wajibu wa kurekebisha maelezo kila linapobadilika? Majibu yasipopatikana, asitie saini. Kumbukumbu zitakazovuja ni za wagonjwa, wanafunzi na wastaafu, ambao hawakuwahi kuonyeshwa maelezo hayo.