Milimani hadi Riat: Wenye fedha Kisumu walivyoligeukia ziwa

Anayetafuta nyumba ya kifahari Kisumu siku hizi huuliza kwanza kama ziwa linaonekana. Dalali anayeijua kazi yake hampotezei muda na vigae vya jikoni. Anampandisha Riat, kwenye majabali yaliyo juu ya barabara ya Kakamega, au kwenye ghorofa ya juu ya apatimenti mpya Milimani, anafungua mlango wa roshani na kunyamaza. Ghuba ya Winam imetanda chini kuelekea machweo, na upepo wa alasiri unaanza kuingia kutoka majini. Bei hutajwa baada ya hapo.

Swali hilo la kwanza lingewashangaza wenye nyumba wa mwanzo wa mji huu. Wao waliliogopa ziwa.

Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa Desemba 1901. Mahali pakaitwa Port Florence, kwa jina la mkewe Ronald Preston, msimamizi wa utandazaji wa reli. Meli iitwayo William Mackinnon ilikuwa imeitangulia reli hiyo. Ilifika vipande vipande kutoka Uskoti, ikaunganishwa papo hapo na kushushwa majini mwaka 1900. Tangu hapo pamba na ngozi za Uganda zilivuka ziwa, zikapakuliwa bandarini Kisumu na kupanda garimoshi. Utajiri wote wa mji ulipita kando ya maji, lakini wenye madaraka hawakulala huko. Malaria ilikuwa kali, malale yaliua watu wengi kuzunguka ziwa, na tauni nayo ikabisha hodi. Wazungu wakapanda mwinuko na kukaa Milimani.

Hofu ya maradhi ikageuzwa kuwa sera ya ardhi. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki, akashauri watu watengwe kimakazi kwa rangi zao. Mzungu akabaki mwinukoni, Mhindi akawekwa karibu na maduka, na Mwafrika akasukumwa nje ya mpaka wa mji. Tazama ramani ya leo: Nyalenda, Manyatta na Obunga bado zinauzunguka mji kama mshipi. Anayenunua Milimani anapaswa kujua kwamba utulivu anaoulipia, barabara pana zenye miti na ploti kubwa, ulipangwa kwa kuwazuia wengine wasiingie.

Ingia katika moja ya nyumba chache za zamani zilizosalia huko, uone hofu hiyo ilivyojengwa. Sakafu imeinuliwa juu ya ardhi. Kuta ni nene na dari iko juu sana, hewa moto ipate pa kukimbilia. Baraza imezunguka pande mbili au tatu, nayo madirisha yana wavu wa kuzuia mbu. Ni nyumba iliyoyaelewa mazingira yake kuliko nyingi za kioo zinazojengwa sasa, zile zinazohitaji kiyoyozi mchana kutwa katika mji ambao una upepo wa bure. Inaniuma kila moja inapobomolewa kupisha maegesho ya magari.

Kisumu iliwahi kung'ara. Kuanzia 1931 ndege za Imperial Airways zilizotua majini ziliufanya mji huu kituo katika safari za kutoka London. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake katika Luo Thrift and Trading Corporation walichanga fedha na kujenga Ramogi House, jengo la Waafrika katikati ya mji uliokuwa umewafungia milango. Kwangu mimi, hiyo ndiyo nyumba yenye fahari kuu katika historia ya Kisumu, ingawa haina bwawa la kuogelea.

Kisha mambo yakaharibika. Oktoba 1969, Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali, wananchi walipigwa risasi na kufa, na chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku siku chache baadaye. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na biashara ya meli ikadhoofika. Miaka ya 1990 gugumaji likafunika ghuba. Waliokuwa na fedha walijenga Nairobi.

Mji ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2001, lakini naamini mwamko wenyewe umetokana zaidi na ugatuzi ulioanza 2013, ulioleta bajeti na maofisa wanaoishi papo hapo. Uwanja wa ndege nao ulipanuliwa. Mwaka 2019 bandari ilikarabatiwa na meli ya MV Uhuru ikarudi kazini kubeba mafuta hadi Uganda. Mwaka 2022 mkutano wa Africities ukaleta wageni kutoka bara zima. Gharama ya mwamko huo waliilipa kwanza mama wa vibanda vya Lwang'ni, ambako watu wa kila kipato walikula mbuta na ngege wa kukaanga kando ya maji. Vibanda vilibomolewa mwaka huo huo wa 2019. Kwa mtazamo wangu, mji ulipoteza sehemu bora zaidi ya ufuo wake.

Wanunuzi wengi sasa ni wenyeji wanaorejea kutoka Nairobi na ng'ambo. Sheria ya mwaka 2020 imewarahisishia, kwa kuwa mwenye apatimenti anaweza kupata hatimiliki yake mwenyewe. Asiye raia hupata ukodishaji usiozidi miaka 99, na ploti nyingi za mjini ni za ukodishaji vilevile, kwa hiyo uliza miaka iliyobaki kabla ya kuuliza idadi ya vyumba. Jambo la pili ni maji. Mvua za Uhuru za mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 likafika tena kimo hicho, likaingia majumbani Dunga. Ukionyeshwa ploti ya ufuoni, muulize mzee wa hapo maji yalikomea wapi mwaka huo, kisha mlete mpimaji. Na akikwambia dalali kwamba ufuo wenyewe umo katika bei, kumbuka kuwa Katiba ya 2010 inalitaja ziwa kuwa ardhi ya umma.