Wajibu wa Kuilinda Katiba: Ibara ya 26 na Mlango wa Mahakama

Mtoto wa Kitanzania hufundishwa darasani kwamba hakuna haki bila wajibu, na wengi hukua wakiamini kuwa haki ni aina ya ujira. Lipa kodi, tii sheria, tunza mali ya umma, ndipo nawe utastahili kusikilizwa. Usemi huo hurudiwa na wanasiasa hasa pale mwananchi anapodai kitu wasichotaka kumpa. Makala haya yanadai kwamba Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haisemi hivyo. Zaidi ya hapo, wajibu mzito kuliko wote unaomwangukia raia, yaani kuilinda Katiba yenyewe, umewekewa njia moja ya kisheria ya kuutekeleza, nayo ni haki ya kwenda mahakamani. Haki hiyo ikibanwa, kinachokufa ni wajibu.

Historia inasaidia kuelewa kwa nini mambo haya mawili yalikaa pamoja. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, viongozi wa TANU walikataa kuingiza orodha ya haki katika Katiba. Walihofia kwamba majaji, ambao wakati huo wengi walikuwa wageni, wangeitumia kuikwamisha serikali changa yenye haraka ya kuleta maendeleo. Hata Katiba ya Muda ya mwaka 1965, iliyohalalisha chama kimoja, haikuwa na orodha hiyo. Badala yake iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watendaji. Orodha ilikuja mwaka 1984 kwa mabadiliko ya tano ya Katiba: ibara ya 12 hadi 24 za haki, zikifuatiwa na ibara ya 25 hadi 28 za wajibu. Serikali ikajipa miaka mitatu ya kuzisafisha sheria zake, na hadi Machi 1988 hakuna aliyeweza kuishitaki kwa kutumia ibara hizo. Usafi wenyewe haukufanyika. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kuhusu mfumo wa vyama, ilikuta sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa.

Tukizisoma ibara za wajibu kwa makini, hatukuti popote sharti linalofunga haki kwenye utiifu. Ibara ya 25 inahimiza kazi halali na kukataza kazi ya shuruti, ikitaja mipaka yake. Ya 27 inahusu mali ya umma, ya 28 ulinzi wa taifa, pamoja na katazo kali la mtu yeyote kutia sahihi mkataba wa kukubali kushindwa vitani. Mtu akiiba dawa za zahanati amevunja wajibu wa ibara ya 27, lakini ibara ya 13(6) haimwachi mkono: atasikilizwa kwa ukamilifu, hatatendewa kama mkosaji kabla ya kutiwa hatiani, na ni marufuku kumtesa. Ni kweli ibara ya 29 inazitaja haki za msingi sambamba na matunda ya kila mtu kutimiza wajibu wake kwa jamii, na wapo wanaoikamata sentensi hiyo kama ushahidi wa nadharia ya ujira. Lakini matunda yanayosemwa hapo ni ya jamii nzima. Haimaanishi kwamba asiyelima asile.

Kiini cha hoja kimo katika ibara ya 26. Fasili yake ya kwanza inamtaka kila mtu aifuate na kuitii Katiba na sheria za nchi. Fasili ya pili inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria hizo, kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Haki hii imewekwa katikati ya wajibu, si kwenye orodha ya haki. Wachambuzi wengine wanaona ni uzembe wa uandishi. Mimi naona ni mpango wenye mantiki: anayetakiwa kutii Katiba lazima awe na njia ya kumzuia anayeivunja, hata kama mvunjaji ni Bunge.

Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu aliisoma hivyo mwaka 1994 mjini Dodoma, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi na vibali vya mikutano. Serikali iliweka pingamizi kwamba Mtikila hakuwa na masilahi yake mwenyewe yaliyoguswa. Jaji alitofautisha njia mbili. Ibara ya 30(3) ni ya mtu ambaye haki yake imevunjwa au inatishiwa kuvunjwa. Ibara ya 26(2) inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inamruhusu mtu kusimama kama mwanajamii, kwa niaba ya umma. Alijua pia wadai wake ni akina nani: nchi ya watu maskini, ambao wengi hawazijui haki zao wala hawana uwezo wa kuweka wakili. Kwa hukumu hiyo kibali cha polisi kwa mikutano ya hadhara kilianguka, na sheria ikabadilishwa ili chama kitoe taarifa tu. Kuhusu mgombea binafsi, Bunge lilibadili Katiba mwaka huohuo na kuifuta faida ya hukumu kabla haijaonja uchaguzi.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, huku mvulana akisubiri miaka 18. Mahakama Kuu ilivitangaza kuwa vinakiuka Katiba na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2019. Gyumi hakuwa msichana wa miaka 15. Hakuwa ameozwa kwa vifungu hivyo. Alikuwa raia mtu mzima aliyeona sheria mbaya na kuipeleka mahakamani.

Mwaka 2020 Bunge liliirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya mwaka 1994. Mwombaji akatakiwa aambatanishe hati ya kiapo inayoeleza jinsi ukiukwaji ulivyomgusa yeye binafsi. Tujaribu sharti hilo kwenye kesi ya ndoa. Anayeweza kuapa kwamba ameguswa ni msichana mwenyewe, aliyeko kwa mumewe, pengine mjamzito, asiye na nauli ya kufika mjini wala mtu mzima wa kumshika mkono, kwa sababu waliopaswa kumshika mkono ndio waliotoa ridhaa. Kwa mtu huyo, haki ya kushitaki ni ya kwenye karatasi tu. Inashangaza kidogo, tukikumbuka jina la sheria yenyewe, kwamba neno wajibu limo kwenye kichwa chake na bado wajibu wa ibara ya 26 ndio uliopata pigo.

Watetezi wa marekebisho walikuwa na hoja isiyo ya kupuuza. Walisema mahakama zinajazwa kesi za watu wanaotafuta jina, na siasa zinazoshindwa bungeni huhamishiwa kortini. Mahakama ya Rufani nayo ilionyesha tahadhari ya namna hiyo mwaka 2010, iliposema suala la mgombea binafsi ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Lakini kinga dhidi ya kesi za kipuuzi ilikuwepo tangu 1994: sheria ileile inairuhusu Mahakama Kuu kukataa ombi lisilo na msingi au lenye nia ya kusumbua, au pale mwombaji anapokuwa na njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu. Aidha, ombi lenyewe husikilizwa na jopo la majaji watatu. Kama tatizo lilikuwa maombi mabovu, ungo ulikuwepo. Sharti jipya halikuchuja ubora wa ombi, lilimchagua mwombaji. Marekebisho hayo nayo yalipingwa mahakamani.

Kenya ilichagua njia tofauti mwaka 2010. Ibara ya 3 ya Katiba yake inampa kila mtu jukumu la kuiheshimu, kuidumisha na kuitetea, na ibara za 22 na 258 zinamruhusu yeyote kufungua shauri kwa masilahi ya umma. Kanuni zake zinatakiwa ziruhusu hata karatasi zisizo rasmi inapobidi, na ada ya kufungua shauri la haki haitozwi. Mahakama za Nairobi hazijafurika kiasi cha kusimama, ingawa serikali za huko zimelalamika sana kuhusu kesi za wanaharakati.

Kwa Watanzania kulikuwa na mlango mwingine. Mtikila, baada ya kushindwa nyumbani, alikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha, ambayo Juni 2013 iliamua kwamba kumlazimisha mgombea awe mwanachama wa chama kunakiuka Mkataba wa Afrika. Katiba haikubadilishwa. Novemba 2019 Serikali ikaondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishitaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, na uamuzi huo ukaanza kutumika Novemba 2020, mwaka uleule wa hati ya kiapo. Kuanzia hapo raia aliyeona Katiba inavunjwa, asiyeweza kuapa kwamba ameumizwa yeye mwenyewe, alibakiwa na wajibu wa fasili ya kwanza ya ibara ya 26, wa kutii, huku fasili ya pili ikimhitaji kwanza apate jeraha.