Gokati: Kabla ya kuvaa helmeti, funga kinachoning’inia

Mchezo wa kuendesha vigari vidogo vya mbio, maarufu kama gokati, ulianza mwaka wa 1956 katika jimbo la California, Marekani, pale Art Ingels alipounda kigari cha kwanza kwa kutumia injini ya mashine ya kukatia nyasi. Tangu hapo umeenea kote duniani, na mabingwa wa Formula One kama vile Ayrton Senna na Lewis Hamilton walianzia humo. Nchini Kenya, wakazi wa Nairobi na Mombasa wameujua kwa miaka mingi, hasa kama burudani ya wikendi na ya sherehe za kuzaliwa.

Aghalabu watu hufika uwanjani wakiwa na nguo za matembezi, na suala la mavazi huachiwa mhudumu anayegawa helmeti. Hata hivyo, helmeti hukinga kichwa tu. Hatari iliyo mbaya zaidi hutoka nyuma ya kiti, na kinga yake haiuzwi dukani.

Ekseli isiyofunikwa

Magurudumu ya nyuma ya gokati huunganishwa na chuma kimoja, yaani ekseli, ambacho huzungushwa na injini kupitia mnyororo au mkanda. Chuma hicho hupita karibu na mgongo wa dereva, na katika vigari vingi hakikufunikwa kikamilifu.

Hesabu yake ni nyepesi. Gurudumu la nyuma lenye kipenyo cha sentimita 28, likienda kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, huzunguka zaidi ya mara 15 kwa sekunde moja. Ekseli yenye unene wa milimita 30 inayozunguka kiasi hicho inaweza kuvuta zaidi ya mita moja ya kitambaa kwa sekunde hiyo hiyo. Hakuna dereva anayeweza kukanyaga breki kwa wepesi wa kuokoa mtandio ulioanza kunaswa, wala shingo iliyofungwa nao.

Si jambo la kubuni. Mnamo Septemba 14, 1927, mcheza densi mashuhuri kutoka Marekani, Isadora Duncan, alifariki mjini Nice, Ufaransa, baada ya skafu yake ndefu kunaswa na gurudumu la gari la wazi. Mnamo Aprili 2010, mwanamke kijana Mwislamu alifariki katika eneo la Port Stephens, Australia, baada ya vazi lake kunaswa na gokati aliyokuwa akiendesha.

Kwa hivyo, kanuni ya kwanza ni kuondoa au kufunga kila kinachoning’inia: skafu, tai, leso, mikufu, kamba za jaketi na mishipi mirefu. Nywele ndefu, ziwe za asili, za kusuka au za kubandika, zikusanywe na kuingizwa ndani ya ovaroli au ndani ya kofia ya kitambaa inayovaliwa chini ya helmeti. Kuzifunga mkia mmoja na kuuacha mgongoni hakutoshi.

Anayevaa hijabu halazimiki kuivua. Atumie ile fupi ya michezo inayobana kichwa na shingo, isiyo na pini, na ncha zake zifichwe ndani ya ovaroli. Buibui, kanzu, dera na sketi pana hazifai; suruali ivaliwe badala yake. Hata gokati za umeme, ambazo hazina moshi wala kelele, zina ekseli inayozunguka vivyo hivyo.

Helmeti inayofaa

Helmeti iwe ya kufunika uso wote, pamoja na kidevu, na iwe na kioo cha kuzuia vumbi na vijiwe. Ile iliyo wazi usoni, ambayo huonekana sana kwenye bodaboda, haikingi taya. Baada ya kuivaa na kufunga ukanda wa kidevu, tikisa kichwa: ngozi ya mashavu isogee pamoja nayo. Ikizunguka peke yake au ikivuka kichwa inaposukumwa kutoka nyuma, omba ndogo zaidi.

Kwa anayenunua yake, wakfu wa Snell wa Marekani huweka alama ya K kwa helmeti za gokati na SA kwa zile za mbio za magari. Tofauti kubwa ni kwamba SA hupimwa pia kwa uwezo wa kustahimili moto. Watoto wana kiwango chao, CMR, kwani helmeti nzito ya mtu mzima huielemea shingo changa. Iliyowahi kupata pigo kubwa ibadilishwe hata kama haina ufa unaoonekana.

Mwili, mikono na miguu

Gokati za mashindano hazina ukanda wa usalama. Kwa kuwa hazina paa wala vyuma vya kumkinga dereva zinapopinduka, ni afadhali arushwe nje kuliko abanwe chini yake. Ndiyo sababu ovaroli zake hutengenezwa kwa kitambaa kigumu kisichochanika haraka kikikwaruzwa na lami, ilhali zile za mbio za magari hulenga moto. Baadhi ya gokati za kukodisha huwa na ukanda. Ukiwapo, sharti ufungwe.

Asiye na ovaroli avae suruali ndefu ya jinzi na shati la mikono mirefu lililochomekwa. Glovu zifunike vidole vyote. Viatu viwe vya kufunika mguu, vyenye soli nyembamba ili dereva ahisi breki kwa mguu wa kushoto na mafuta kwa wa kulia. Ncha za kamba zichomekwe ndani. Ndara na viatu vya kisigino kirefu vibaki nje. Funguo na simu zitolewe mifukoni, kwani kiti ni kigumu na huzigandamiza mwilini. Kwa sababu hiyo hiyo, wanaoendesha mara kwa mara huvaa kikinga mbavu.

Fomu ambayo wateja hutia saini kabla ya kuingia uwanjani huweza kumkinga mwenye biashara. Haifungi mtandio wala haikazi helmeti. Mzazi amkague mtoto wake kuanzia nywele hadi kamba za viatu kabla injini haijawashwa, na amkague upya kila anapoingia mzunguko mwingine, kwa maana kilichofungwa vizuri mwanzoni huenda kimelegea.